Malkia Aliyetazama Ukuta

Oldermeeden, Uholanzi, 9 Januari 2005

Bibi Hilje,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si Mama, si rafiki yangu Roelie, wala mwalimu wa historia ambaye anapenda sana kuambiwa mambo: siiamini hadithi ya picha ya Malkia. Ile ya jikoni kwenu. Katika ukoo wetu afadhali mtu aseme hamwamini Mungu. Mungu angalau husamehe. Babu Harm, mdogo wako, ni mwenyekiti wa Chama cha Oranje, cha wapenda ufalme.

Nimeruka salamu. Najua. Ningeanza na salamu ningeishia kwenye salamu, kama kadi zangu zote za Krismasi. Sasa basi: shikamoo Bibi. Sisi ni wazima. Mama anafanya kazi za usiku hospitalini. Mifereji haijaganda, kwa hiyo wanaume wote wa kijiji wana huzuni na viatu vya kuteleza kwenye barafu vimening'inia bure. Babu goti linamsumbua, ila amenunua sahani nyingine yenye sura ya Malkia. Kabati limejaa, hivyo hii imetundikwa chooni, na sasa mtu hawezi kuketi mle bila kutazamwa na ufalme.

Jambo lenyewe ni hili. Shule inatutaka tujitolee mahali. Roelie amechagua nyumba ya wazee, anacheza karata na kushindwa. Mimi nimechagua Hifadhi ya kumbukumbu ya wilaya, kwa sababu kule hakuna anayekusemesha. Mwezi wa tano watafanya maonyesho ya miaka sitini ya ukombozi: mabango ya Wajerumani, karatasi zilizodondoshwa na ndege za Waingereza, vikombe, sahani, mikebe ya biskuti yenye nyuso za kifalme. Babu amewapa ile picha yenu. Na Bi Tonkens, mkuu wa Hifadhi, amenipa mimi kazi ya kuandika kadi yake, ile itakayowekwa chini ya kioo. Maneno hamsini.

Hadithi ya Babu unaijua, kila sikukuu inahudhuria kuliko sisi. Fremu moja, pande mbili. Mbele Malkia wa enzi zile, nyuma bango la Wajerumani, kijana wa kofia ya chuma anayeita vijana wajiunge waende vitani Urusi. Baba yenu akisikia buti nje, anageuza fremu. Buti zikiondoka, Malkia anarudi. Wajerumani wakadanganywa miaka mitano.

Tuliifungua fremu mezani. Bibi, Malkia anang'aa kana kwamba ametoka saluni asubuhi ile. Kijana wa kofia ndiye aliyefifia. Kofia imekuwa rangi ya maji ya kuoshea vyombo, mdomo karibu haupo. Bi Tonkens alinitazama, akasema, "Karatasi huliwa na mwanga, Aleid. Sasa niambie, nani alikuwa akitazama dirisha?"

Swali nikalibeba nyumbani. Nakuuliza wewe, kwa sababu uliishi jikoni mle na kwa sababu uko mbali, na mtu aliye mbali namwogopa kidogo tu.

Nimekuwekea pipi nyeusi za chumvi.

Mjukuu wako,
Aleid


Chatham, Ontario, 30 Januari 2005

Mjukuu wangu Aleid,

Marahaba. Barua imefika, pipi zimefika, forodha hawakuziiba; nadhani walionja moja wakazirudisha. Nimeona pia umebandika stempu ya Malkia. Safi sana. Unamshuku Malkia, na ili kuniambia hivyo inabidi umlambe kisogo kwanza.

Mimi mzima, isipokuwa nyonga, na nyonga si yangu tena, ni ya chuma. Theluji imefika kwenye sanduku la barua. Kijana wangu Pieter amenunua ng'ombe wengine ingawa wale wa kwanza hajamaliza kuwalalamikia. Klabu ya Waholanzi wanajiandaa kwa gwaride na wamenialika nivae viatu vya mbao. Nikawaambia nilivivaa vya kutosha enzi zile ambazo havikuwa vazi la gwaride, vilikuwa viatu.

Ehe. Picha. Umeniuliza habari za jua. Jua la Groningen! Mwanangu, nilikaa huko miaka ishirini, nililiona mara mbili tatu hivi. Huenda Malkia ana ngozi nzuri tu. Watu wa damu ile wanatunzwa. Huenda mtengeneza bango alitumia wino wa bei rahisi, ilikuwa vita. Mkuu wako wa Hifadhi amesoma, atapata sababu nyingine.

Maneno hamsini ni mengi mno. Andika: "Picha. Ina pande mbili. Tafadhali usiguse." Yamebaki mengine, weka akiba.

Na mdogo wangu mwache na hadithi yake. Mtu wa umri wake ukimnyang'anya hadithi anabakiwa na goti.

Dirisha la jikoni lilitazama kusini, upande wa jua. Hayo tu.

Msalimie mama yako alale zaidi.

Bibi yako,
Hilje


Oldermeeden, 20 Februari 2005

Bibi Hilje,

Shikamoo, na asante kwa barua. Niliisoma mara kadhaa nikitafuta jibu, nikakuta ng'ombe wa Pieter.

Hapa baridi imekuja ikaondoka. Mama amelala Jumapili nzima, nilimpa salamu zako alipoamka kula supu ya haradali. Babu hajambo. Chama cha Oranje kilikutana sebuleni kwake na kubishana jioni nzima kama bendera ndogo za mwaka huu ziwe za kitambaa au za nailoni. Mzee mmoja alitoka kwa hasira. Nchi iko salama.

Jumamosi Babu alinituma nifungashe vikombe vyake vya kupeleka Hifadhi. Vitatu vinafanana, vile walivyopewa watoto wa kijiji mwaka 1938 binti mfalme alipozaliwa. Kila kimoja kina jina chini, kwa rangi nyeusi, mwandiko wa mtu mmoja. Hilje. Harm. Cha tatu jina limekwaruzwa kwa msumari au kisu, ila ukikiinamisha kwenye taa linasomeka.

Nikauliza.

"Babu, Wubbo ni nani?"

"Nani?"

"Wubbo. Yuko chini ya kikombe."

"Aa, huyo. Mbwa."

"Mbwa alipewa kikombe cha binti mfalme?"

"Alikuwa mbwa mzuri."

"Lakini vilikuwa vya watoto, Babu. Bi Tonkens amesema mtoto mmoja, kikombe kimoja."

"Kumbe! Kule wanafundisha na kuhoji wazee? Tutakuita inspekta. Kula keki yako, Aleid."

Nikala. Mimi ni mtu ambaye akiambiwa ale keki anakula. Lakini nilimwona akikichukua kile kikombe, akakifunga kwenye gazeti taratibu sana, kuliko alivyofunga kingine chochote, halafu akakirudisha kabatini. Hifadhi nimepeleka viwili.

Bibi, mlikuwa na mbwa?

Aleid


Oldermeeden, 27 Machi 2005

Bibi Hilje,

Shikamoo. Leo ni Pasaka. Natumaini nyonga ya chuma haina kutu na kwamba kimya chako ni kosa la posta ya Kanada. Nimekuwa nikiwahi sanduku la barua kabla ya Mama. Nimepata bili ya gesi, na tangazo la mapazia.

Sisi wazima. Babu amenipunguzia kazi, kadi ameiandika mwenyewe. Nakunakilia:

"Kwa akili na ujasiri, familia ya Bolhuis iliwadanganya Wajerumani kwa miaka mitano. Moyoni na ukutani, Malkia hakuondoka kamwe."

Aliisoma kwa sauti mbele ya Chama, wakapiga makofi. Yule aliyetoka kwa sababu ya nailoni alirudi akalia. Kisha Babu akaniambia, "Sasa wewe nakili tu, mwandiko wako mzuri," akanipigapiga begani. Naye hupiga begani mara moja kwa miaka mingi, kwa hiyo unaona nilivyobanwa.

Nilimpelekea Bi Tonkens. Akaisoma akavua miwani.

"Na wewe unasemaje?"

"Sijui."

"Unajua nini basi?"

"Kwamba Malkia alitazama ukuta."

"Basi unajua zaidi ya kadi hii. Aleid, mimi sitakuandikia. Lakini chini ya kioo changu haikai kitu nisichoweza kukisimamia. Nipe maneno yako kabla ya sikukuu ya Malkia, mwisho wa Aprili. Ukikosa, fremu itarudi kwa babu yako, na utamweleza wewe kwa nini."

Nikikosa, namwaibisha Babu mbele ya kijiji. Nikinakili, namdanganya kila atakayeinama kusoma. Nikiandika kuhusu mwanga bila kujua sababu, watu watamaliza wenyewe: watasema baba yenu alikuwa upande wa Wajerumani. Pengine alikuwa. Mimi sijui. Wewe unajua.

Kama hutaki kuniambia, niambie hutaki. Usiniandikie habari za ng'ombe.

Samahani. Sijawahi kumwandikia mtu mzima hivi. Pipi ziko ndani.

Aleid


Chatham, 8 Aprili 2005

Hakuwa mbwa.

Barua yako ya mwezi wa pili niliiweka nyuma ya saa na kila siku niliangalia saa mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kwa hiyo usiisingizie posta ya Kanada, ina dhambi zake nyingine.

Wubbo alikuwa kaka yetu mkubwa. Alizaliwa 1923, miaka kumi kabla yangu. Mrefu, taya kama jembe, mikono ambayo haikujua iwekwe wapi. Harm alikuwa akimpanda mgongoni jikoni na kumwita meli.

Mambo ya Baba yalikuwa ya kweli mwanzoni. Alikuwa mtu wa Malkia kuliko Malkia mwenyewe. Malkia alivuka bahari kwenda London, Baba alibaki. Picha za Malkia zilipopigwa marufuku Baba akatafuta bango, akalibandika nyuma ya fremu, na buti zikisikika anageuza. Alijiona mjanja, na kweli alikuwa mjanja. Shida ni kwamba buti zilipita sana barabara ile, na Baba alikuwa mwoga kama watu wote wenye akili, hivyo akaanza kusahau kuirudisha. Siku mbili, tatu, wiki. "Iacheni, ni karatasi tu," akasema. Tukala viazi vyetu chini ya kijana wa kofia, tukasali chini yake.

Na mkabala wake aliketi Wubbo. Hicho ndicho kilikuwa kiti chake.

Askari waliokuja kwetu mara chache hawakulitazama bango hata kidogo, Aleid. Walitazama soseji kwenye boriti. Kuna mtu mmoja tu katika nyumba ile aliyelitazama kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Masika ya 1942 alivaa koti lake la kanisani, akaenda kujiandikisha. Baba akamwambia, "Lakini mwanangu, lile lilikuwa la kuwadanganya!" Wubbo akajibu, "Hukuniambia mimi, Baba." Sijui kama alikuwa anafanya mzaha. Alikuwa na sura ambayo huwezi kujua.

Barua mbili zilikuja kutoka Urusi, ya tatu haikuja, naye hakurudi. Baba alizichoma, pamoja na picha zote za Wubbo, maana sasa alikuwa na aibu ya kweli na hakuwa na pa kuigeuzia. Jina kwenye kikombe alilikwaruza yeye. Kisha akanyanyua mkono amrudishe Malkia ukutani. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga kwa jambo lolote, hata bei ya nguruwe, akasimama mbele ya fremu na kisu cha viazi mkononi. Akasema, "Umechoma zote. Huyu taya lake ni la Wubbo. Utamwacha."

Akaachwa. Ndiyo mwanga wako huo. Majirani walipita dirishani wakaona bango la Wajerumani miaka mitatu mfululizo, wakaacha kutusalimu, na Mama akaendelea kumenya viazi akimtazama. Hakumpenda yule Mjerumani wa karatasi. Hakuwa na kingine cha kutazama.

Asubuhi askari wa Kanada walipoingia kijijini kutukomboa, Baba aligeuza fremu kabla hajavaa suruali. Jioni hadithi ilikuwa tayari. Watu waliipokea upesi mno, nao walikuwa na zao za kupokelewa.

Harm aliambiwa na Baba kwamba akiulizwa aseme ni mbwa. Alikuwa na miaka tisa wakati huo. Sikumlaumu. Nilimlaumu kwa jambo jingine: kwenye mazishi ya Mama, 1979, alisimama karibu na jeneza akasimulia ujanja wa fremu, na watu wakacheka vizuri, wakala na keki. Nilipanda ndege siku iliyofuata, sijarudi.

Usiniulize uandike nini. Ila ukiandika alikuwa mpumbavu, andika na umri wake. Na ukiandika umri wake, usiuache ukaosha alichokwenda kufanya kule, maana hakwenda kuvuna viazi.

Ng'ombe wa Pieter hawajambo, ingawa hukuuliza.

Hilje


Oldermeeden, 15 Mei 2005

Bibi Hilje mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu, nilimsomea barua yako, naye akachelewa kazini kwa mara ya kwanza maishani. Hali ya hewa nzuri, mashamba ya haradali ya njano, na siku ya Malkia Oldermeeden ilikuwa ya rangi ya chungwa, rangi ya kifalme, kutoka kanisani hadi kituo cha mafuta. Bendera za nailoni zilishinda. Ng'ombe wasalimie.

Kadi niliiandika hivi:

"Picha yenye pande mbili, kutoka jikoni kwa familia ya Bolhuis. Malkia upande mmoja. Upande wa pili bango la kuandikisha vijana katika jeshi la Wajerumani. Liliwekwa kuwadanganya askari. Wubbo Bolhuis, miaka kumi na tisa, aliliamini, akaenda kupigana Urusi 1942, hakurudi. Mama yake aliliacha likitazama chumba hadi mwisho wa vita."

Kabla ya kumpa Bi Tonkens nilimpelekea Babu. Alikuwa bustanini akipaka rangi vigingi vya kamba ya mbio za magunia. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea, nikamnyoshea tu karatasi. Akaisoma na brashi mkononi. Rangi ikamdondokea kiatuni.

"Nani kakwambia? Hilje?"

"Na karatasi yenyewe, Babu."

"Miaka sitini," akasema. "Miaka sitini nimeishika, anakuja mtoto wa shule na maneno hamsini."

"Ni kweli au si kweli?"

"Inspekta!" Lakini hakucheka. "Baba alikuwa mtu mwema."

"Sijaandika kwamba hakuwa."

"Watasoma hivyo. Unawajua watu wa hapa? Mimi ndiye ninayekata utepe wa maonyesho, Aleid. Nitakata utepe, nigeuke, nikutane na hiyo?"

"Ndiyo, Babu."

Nadhani hilo ndilo neno refu kuliko yote niliyowahi kumwambia. Akanirudishia karatasi.

"Basi utepe atakata mwingine."

Na kweli alikata mwingine, yule wa bendera, akasema katika hotuba kwamba mwenyekiti anaumwa goti. Bi Tonkens alikuwa ameweka fremu wima katikati ya chumba, kioo pande zote, ili mtu azunguke. Watu walizunguka. Wengine walisoma mara mbili. Mwanamke mzee wa mtaa wa kanisani aliniuliza kama mimi ni wa Bolhuis, nikasema ndiyo, nikidhani atanitukana. Akasema, "Tulikuwa tukivuka barabara tusimsalimu yule mama," akaondoka bila kuangalia kitu kingine. Mwanamume mmoja akasema wafu waachwe, na kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Nilipata haya, nikajificha chumba cha makabati hadi saa ya chai.

Nyumbani kwa Babu Mama alikwenda peke yake wiki ile. Alimkuta amekaa, televisheni imezimwa. Hakuniulizia.

Jumanne iliyofuata sikuwa na masomo mchana, nilikuwa Hifadhi nikibandika namba kwenye mikebe ya biskuti. Maonyesho yalikuwa tupu. Nikasikia mlango, kisha ule mwendo wa goti. Babu alikuwa amevaa koti la kanisani bila beji yoyote ya Chama. Alipita upande wa Malkia bila kusimama, akazunguka nyuma, akasimama mbele ya bango. Hakusoma kadi. Alitazama taya.

Alisimama muda mrefu hadi nikaona anaegemea kioo, jambo ambalo haliruhusiwi. Nilikwenda ofisini kwa Bi Tonkens nikachukua kiti chake, nikakibeba, nikakiweka nyuma ya Babu. Akaketi bila kugeuka. Nikakaa sakafuni kando yake. Baadaye akauliza, "Hilje ana simu?"

Nikaiandika namba yako kwa penseli nyuma ya tiketi yake ya kuingilia, nikampa.

Aleid